Vakyumu kuukuu ya wima: jinsi ya kuifufua Malindi, hatua kwa hatua

Vakyumu za wima za zamani, zile zenye mfuko wa kitambaa mgongoni mwa mpini na kichwa kizito cha chuma, bado zimo Malindi. Zimo kwenye nyumba za wageni, kwenye hoteli, na kwenye misikiti ambako mazulia hupigwa vumbi kabla ya Ijumaa. Nyingi zimelazwa stoo kwa sababu mtu alisema mota imekufa. Mara nyingi mota ni nzima. Kilichokufa ni mkanda wa mpira, waya uliokatikia ndani ya mpini, au feni iliyoliwa na mchanga. Kwa hiyo fuata kwanza njia ya umeme na njia ya hewa. Mota iwe ya mwisho kufunguliwa.

Mwaka 1908 James Murray Spangler wa Ohio, Marekani, alipata hataza ya mashine yenye feni, brashi ya kuzunguka na mfuko wa nguo, na W. H. Hoover akainunua haki hiyo na kuanza kuziuza. Kwa miongo mingi baadaye vakyumu za wima zilishika mpango uleule: uchafu hupita ndani ya feni kwanza, ndipo usukumwe mfukoni. Nyingi za kisasa huchuja kwanza, feni ikavuta hewa safi. Kwa nyumba zetu tofauti hii ni kubwa. Mchanga wa pwani, vipande vya simbi na chembe za matumbawe zinazodondoka kutoka kuta za mawe, vyote hugonga mapanga ya feni. Na tope jekundu la mto Sabaki likikauka huwa vumbi laini kama unga, linaloziba mfuko kabla haujajaa.

Hatua ya 1: Soma kibati kabla ya kuchomeka

Kibati cha chuma chini au nyuma ya mashine huonyesha volti na wati. Kikisema 220 hadi 240, endelea. Kikisema 110 au 120, mashine hiyo ni ya soko la Marekani, na ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 240 itaungua ndani ya muda mfupi. Inataka transfoma ya kushusha volti, yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa. Tofauti ya hezi 50 na 60 isikusumbue. Mota za aina hii hazijali.

Mashine zilizoletwa kutoka Italia mara nyingi zina plagi ya pini tatu za duara zilizopangwa mstari mmoja. Ikate, ufunge plagi yetu ya pini bapa. Zile za zamani za Uingereza huenda zikawa na waya wa rangi za kale: nyekundu ni laini (waya wa moto), nyeusi ni nyutro (waya wa kurudi), kijani ni athi (waya wa ardhi). Za sasa ni kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa manjano. Mashine yenye mwili wa chuma na waya tatu lazima athi ifungwe. Usiibadilishe iwe ya waya mbili, hata kama ndio ulio nao dukani.

Tazama pia fyuzi ndani ya plagi. Vakyumu ya wati 400 hula takriban ampea 1.7, hivyo fyuzi ya ampea 3 yatosha. Ikikatika kila mota inapoanza, weka ya 5. Plagi za dukani huja na fyuzi ya 13, nayo itauacha waya mwembamba wa zamani uwake moto kabla yenyewe haijakatika.

Hatua ya 2: Ijaribu kupitia globu

Usiichomeke moja kwa moja mashine iliyolala miaka. Funga globu ya wati 100 ya nyuzi kwenye mfululizo wa waya wa laini (ya LED haifai), kisha washa. Globu ikififia na mota ikazunguka polepole, umeme unapita vizuri. Globu ikiwaka kwa nguvu zote na mota imetulia, kuna shoti au beringi zimekwama. Globu isipowaka kabisa, kuna mahali waya umekatika. Jaribio hili la dakika moja huokoa mota nyingi.

Hatua ya 3: Waya na swichi

Plagi ikiwa nje ya soketi, pima kwa mita kutoka pini ya laini hadi pini ya nyutro huku swichi imewashwa. Utapata ohmu kadhaa au makumi kadhaa. Usipopata kitu, pinda waya taratibu pale unapoingia kwenye mpini na pale unapoingia kwenye kichwa. Ndipo hukatika zaidi. Ukikatika karibu na mwisho, punguza sentimita 30 na ufunge upya. Mpira ukiwa umepasuka kwa urefu, badilisha waya wote: kipimo cha 0.75 mm² chatosha. Swichi huliwa na hewa ya chumvi ikafanya ukoko wa kijani. Sugua sehemu za shaba kwa msasa laini, lakini kama chemchemi yake imelegea, weka nyingine.

Hatua ya 4: Mkanda na rola

Geuza mashine, fungua bati la chini. Mkanda ukiwa unang'aa, umelegea au unanuka mpira ulioungua, umekwisha. Mkanda bapa uliozeeka ukiulaza kando ya mpya huonekana mrefu zaidi, kwa sababu umenyooka na hautarudi. Mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki ukikatwa pete husaidia siku mbili tatu tu, kwa kuwa hupata joto na kuteleza.

Kwenye mashine ambazo mhimili wa mota unaelekea mbele, mkanda hujipinda robo mzunguko kabla ya kufika kwenye rola. Ukiupindia upande usio wake, brashi huzunguka kinyume na kuutupa uchafu mbele. Fuata mshale uliochorwa kwenye bati. Kama umefutika, ijaribu kwenye zulia: ikifungwa sawa, mashine hujivuta yenyewe kwenda mbele, ikifungwa vibaya, inarudi kwako.

Toa rola, kata nywele na nyuzi za mikeka kwa wembe, kisha zungusha ncha zake. Zikikwaruza, safisha na utie grisi kidogo sana. Ikizidi hushika mchanga ikawa kama msasa. Kupima urefu wa brashi, bana kipande cha karatasi ngumu juu ya mdomo wa mashine. Nywele zisipoigusa karatasi, haziligusi zulia pia.

Hatua ya 5: Feni

Ichunguze kwa tochi. Panga likimeguka, usiligundishe kwa gundi yoyote: feni isiyo na mizani hutikisa mota na kuua beringi. Kingo zilizolika kidogo hupunguza mvuto lakini zinavumilika. Kabla ya kukaza spana, tazama nyuzi za nati. Baadhi hufunguka kuelekea kulia, na anayelazimisha upande mwingine huvunja mhimili.

Hatua ya 6: Mota

Hapa ndipo pa kutumia muda. Toa kaboni (vijiti vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka) moja baada ya nyingine, weka alama kila moja ilikotoka na ilivyoelekea. Ikibaki milimita 6 au 7, badilisha zote mbili pamoja. Usipopata za mashine yako, kaboni ya grainda yenye upana na unene uleule au zaidi kidogo huweza kupunguzwa kwa msasa mpaka iteleze ndani ya kishikio bila kubana wala kuchezacheza. Kaboni inayokwama ndani ya kishikio huleta cheche zilezile za kaboni iliyokwisha, na Malindi hukwama sana kwa sababu vishikio vya shaba huota ukoko wa chumvi. Visafishe kwa kijiti na spiriti.

Komuteta, yaani duara la vipande vya shaba, ikiwa na rangi ya chokoleti iliyolingana, usiiguse. Ikiwa nyeusi au na mistari, isugue kwa msasa wa namba 400 hadi 600 huku ukiizungusha kwa mkono. Usitumie sufi ya chuma. Chembe zake hupitisha umeme. Halafu kwangua vumbi la kaboni kutoka kila mfereji kati ya vipande kwa msumeno mwembamba ulionolewa.

Pima kwa mita ohmu za kila jozi ya vipande vilivyopakana. Namba zote ziwe karibu sawa. Jozi moja ikitofautiana sana, koili ya amecha (sehemu ya mota inayozunguka) imekatika au ina shoti, na hapo ni kusuka upya. Cheche ndogo za buluu chini ya kaboni ni kawaida. Moto unaozunguka komuteta nzima si kawaida; zima hapo hapo.

Beringi izungushe kwa kidole. Ikikwaruza, soma namba ubavuni, kwa mfano 608, ambayo ni 8 × 22 × 7 mm, na ununue yenye namba hiyo iliyofungwa kwa mpira pande zote mbili. Yenye kifuniko cha bati huingiza vumbi mapema. Kama ni bushi ya shaba yenye kitambaa cha kunyonya mafuta, matone 3 au 4 ya mafuta ya cherehani yatosha.

Kapasita ndogo ya kuzuia kelele za redio, ikiwa ya karatasi ya zamani, ibadilishe hata kama inaonekana nzima. Ndiyo hutoa moshi mkali ghafla. Weka ya 0.1 µF ya daraja la X2. Iliyofungwa kati ya waya wa umeme na mwili wa chuma ni aina nyingine, ya daraja la Y. Usiweke X mahali pake.

Usiwashe mota kwa umeme kamili bila feni. Mota ya aina hii isiyo na mzigo huongeza kasi hadi kiwango cha hatari. Rudisha feni, ijaribu kupitia globu, kisha iache izunguke dakika 20 kaboni mpya zikae. Mwisho, mwenye mega (mita ya kupimia kinga ya waya) apime kinga ya waya kwa volti 500: isipungue megaohmu 1 kwa mashine yenye athi, na 2 kwa isiyo na athi.

Hatua ya 7: Mfuko

Mfuko uliojaa ni sababu ya kwanza ya mtu kusema vakyumu haivuti, hivyo uangalie kabla ya kufungua mota. Badilisha wa karatasi ukifika theluthi mbili. Wa kitambaa ugeuze nje ndani, upige uani ukiwa upande upepo unakotoka, umefunga pua. Usiufue, maji huufungua ufumaji. Ukishona mpya, kitambaa chembamba cha marekani hakifai, vumbi la Sabaki hupenya. Tumia kitambaa kizito cha drili, tabaka mbili.

Wakati wa kusi unyevu ni mwingi, usiihifadhi sakafuni. Itundike, fungua mfuko upate hewa, na kila wiki iwashe dakika mbili ili joto la mota likaushe chumvi. Saruji, chokaa ya ukarabati na mchanga wa kokoto vizolewe kwa ufagio.