Kutoka getini bila kupoteza sekunde: mita 500 za uwanjani kwa wanawake wa madaraja ya C

Mita 500 kwenye uwanja wa mita 250 ni raundi mbili tu. Wanawake wa madaraja ya C, yaani wenye ulemavu wa mwili wanaoendesha baiskeli ya kawaida ya magurudumu mawili, walishindana na saa kwa umbali huo kwenye Paralimpiki ya Paris mwaka 2024. Umbali huweza kubadilishwa, kwa hiyo soma kwanza kanuni za mashindano yako. Muda unaopotea kwenye nusu raundi ya kwanza haurudi. Na kwa mwenye udhaifu upande mmoja wa mwili, kinachopoteza muda mara nyingi si misuli, bali ni gia na mahali mwili unaposhikana na baiskeli.

Baiskeli ya uwanjani haina breki wala frii: gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka. Gawa meno ya mbele kwa meno ya nyuma, kisha zidisha kwa mzingo wa tairi, mita 2.09 hivi. 48 kwa 15 inakupa mita 6.7 kwa kila mzunguko wa pedali. 51 kwa 14 inakupa 7.6. Anza na ile nyepesi. Ukimaliza kwa sekunde 40 itakudai wastani wa mizunguko 112 kwa dakika, jambo linalofundishika. Gia nzito kupita kiasi utaijua mapema: usukani unayumba na gurudumu la mbele linakwenda kama nyoka kwenye mita 10 za kwanza. Anayekanyaga kwa mguu mmoja ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu pedali ikishafika chini hakuna mguu wa pili wa kuipokea. Inavushwa na mwendo wa gurudumu na mguu uleule unaovuta juu, na hapo getini, kwenye kifaa cha kuanzia kinachoshika baiskeli, mwendo bado haupo.

Goti lisilokunjika vizuri lipewe krenki (mkono unaobeba pedali) fupi upande wake, hata kama ule mwingine unabaki na ndefu. Mguu unaokakamaa ufungwe kwa kamba juu ya klipu inayoshika kiatu kwenye pedali, la sivyo kiatu kitachomoka ukivuta. Paja lililokatwa linaruhusiwa kuegemea nusu-bomba lenye kuta zisizozidi sentimita 10, lakini lisifungwe kwenye baiskeli: ukianguka lazima liachie. Mkono ukiwa mfupi, inua au sogeza mshiko wa upande huo mpaka mabega yawe sawa. Jaribu hivi: simama juu ya pedali, vuta usukani kwa nguvu. Ukijipinda upande mmoja, bado hujamaliza kurekebisha. Mnyororo nao uchezeke kidogo katikati; ukikazwa mno unakwama, ukilegea unaruka.

Geti hushika gurudumu la nyuma, kwa hiyo hutaanguka ukiwa umetulia. Weka mguu wenye nguvu mbele, krenki ikiwa juu kidogo ya mlalo. Saa huhesabu kutoka sekunde 50. Mlio wa sekunde 10 ukisikika, simama juu ya pedali. Zikibaki 2, rudisha nyonga nyuma. Sekunde ya mwisho zirushe mbele, ili zifike mbele geti linapoachia. Ukiwahi, geti litakuwa bado limeshika na msukumo wote utapotea. Rudia hili mara 6 kwa mazoezi, na pumzika dakika 5 au zaidi kila baada ya moja. Mchovu hujifunza kuanza vibaya.

Ukishakaa, fuata mstari mweusi, ule wa chini unaopimia urefu wa raundi. Ukipanda sentimita 50 juu yake kwenye kona, unaongeza mita 2 hivi kila raundi. Ukishuka mno utakutana na sponji zilizopangwa chini ya mstari.

Ukivuka mstari wa mwisho usiache kukanyaga ghafla. Pedali bado zinazunguka kwa kasi, na zitaurusha mguu bandia nje. Panda juu ya kona, acha mteremko wa uwanja ukupunguzie mwendo kwa raundi mbili au tatu, halafu shuka mahali mshikaji wako anapokusubiri.