Kreni Kuukuu ya Karakana: Jinsi ya Kuomba Ikarabatiwe, Ipunguziwe Tani au Iondolewe

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa karakana ya taasisi ya umma nchini Kenya mwenye kreni ya juu, ile inayotembea kwenye reli mbili chini ya paa. Ombi linalosema tu kwamba "kreni imezeeka" hurudishwa, na ni haki lirudishwe. Kreni ya 1985 iliyoinua mota chache kwa mwezi inaweza kuwa na uhai mwingi kuliko ya 2010 iliyopigishwa zamu tatu kwa siku. Peleka hesabu.

1. Karatasi kwanza. Piga picha kibao cha mtengenezaji: nambari ya mashine, tani, kundi la kazi (daraja la uzito wa matumizi ambayo kreni ilitengenezewa). Ambatisha daftari la matengenezo na vyeti vya ukaguzi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kreni ichunguzwe kikamilifu angalau kila miezi 12, na minyororo, kamba na vifaa vya kufungia mzigo kila miezi 6, na mtu aliyeidhinishwa na mkurugenzi wa DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini. Cheti kikiwa kimeisha muda, simamisha kreni na umwite mkaguzi kabla ya kuandika lolote.

2. Hesabu uhai uliotumika. Kwa kanuni za FEM 9.755, za watengenezaji wa mashine za kuinua wa Ulaya, winchi (sehemu ya kreni inayoinua mzigo) ya kundi la kazi 2m, ambalo pia huandikwa M5, hupewa saa 1,600 za kuinua mzigo kamili. Mzigo mdogo huichosha kidogo sana, kwa sababu uchovu hufuata uwiano wa mzigo uliozidishwa wenyewe mara tatu: nusu ya mzigo ni 0.5 × 0.5 × 0.5, yaani 0.125.

Chukua winchi ya tani 10 inayoinua tani 5, mota ikizunguka saa 3 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, miaka 20. Hizo ni saa 15,000, mara 0.125 ni 1,875. Imeshapita kikomo, na kama saa zilikadiriwa tu bila mita, lazima uongeze zaidi kwenye hesabu hiyo. Kosa la kwanza la watu hapa ni kuhesabu saa ambazo kreni imewashwa badala ya saa ambazo mota ya kuinua inazunguka. La pili ni kuficha mizigo iliyozidi: tani 12 kwenye winchi hiyo huichosha mara 1.728 ya mzigo kamili.

Kupita kikomo hakumaanishi kwamba itaanguka kesho. Maana yake ni kwamba isiendelee kuinua bila ukarabati mkuu: giaboksi ifunguliwe, na gia, shafti na beringi zibadilishwe.

3. Tenganisha kinachobadilishwa na kinachoamua. Kamba ya waya, breki na kulabu ni vipuri. Usiombe kreni iuzwe kwa ajili yake. Kwenye kulabu nyingi utaona nukta mbili zilizogongwa kiwandani, moja kila upande wa mdomo. Pima kati yake. Kwa kiwango cha Kijerumani cha DIN 15405, mdomo ukipanuka zaidi ya 10% kulabu inatupwa: kama ulikuwa milimita 120, mwisho wake ni 132. Isipashwe moto ikakunjwa irudi.

Kinachoamua ni boriti. Angalia mishono ya kuchomelea pale boriti kuu inapokutana na boriti ya magurudumu. Mstari mwembamba wa kutu unaotoka chini ya rangi ni dalili mbaya. Kwangua rangi na upime kwa dawa inayopenya nyufa. Ufa uliozibwa kwa kuchomelewa juujuu huchipuka tena pembeni ya mshono.

4. Chagua njia. Kupunguza tani, mathalani kutoka 10 hadi 5, kunafaa boriti ikiwa nzima na kazi imepungua. Lakini hakurudishi uhai uliokwisha ndani ya giaboksi. Iwe umekarabati au umepunguza, jaribu kreni kwa mzigo tuli (unaoning'inizwa tu) wa 125% na mzigo wa mwendo (unaoinuliwa na kusogezwa) wa 110% ya tani itakazoandikiwa, urekebishe kidhibiti kinachozuia mzigo kuzidi na ubadilishe kibao.

5. Ukiomba iondolewe. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015, kifungu cha 164, inataka mwenye dhamana ya mali aijulishe kamati ya uondoaji kupitia mkuu wa ununuzi. Kamati hupendekeza njia, na mkuu wa taasisi hujibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Hakikisha kreni imo kwenye mpango wa mwaka wa uondoaji wa mali. Njia ni pamoja na kuhamishia taasisi nyingine ya umma, zabuni, mnada, au kuitupa kama taka.

Hapa tunasisitiza. Kreni yenye boriti iliyopasuka isiuzwe ikiwa nzima, hata kama bei ni nzuri. Hupakwa rangi, hufungwa karakana nyingine, na watu hufanya kazi chini yake. Andika kwenye ombi kwamba itauzwa kama chuma chakavu, kwamba boriti na kulabu zitakatwa kabla ya kutoka getini, na kibao kibaki kwenu. Mafuta ya giaboksi na bitana za breki za zamani, ambazo huweza kuwa na asbestosi, zichukuliwe na msafirishaji wa taka mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Picha za boriti zilizokatwa ziingie kwenye faili siku kreni inapofutwa kwenye rejista.