Chungulia kifurushi kabla hujachoma bando

Ukiwa kwenye Debian au Ubuntu (mifumo ya Linux), usikimbilie kusakinisha kifurushi, yaani programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa. Andika kwanza kwenye terminali `apt show gimp` (gimp, programu ya kuhariri picha, ni mfano tu). Mstari wa Download-Size unakuambia bando litaliwa kiasi gani, na Installed-Size nafasi itakayojaa kwenye diski. Lakini hesabu hiyo ni ya kifurushi kimoja tu. Vifurushi vingine kinavyovitegemea vimetajwa kwenye Depends, na mara nyingi hivyo ndivyo vinavyokomba bando.

`apt policy gimp` huonyesha toleo ulilonalo, litakalosakinishwa, na hazina (seva ya vifurushi) linakotoka.

Amri zote mbili husoma orodha iliyohifadhiwa kwenye kompyuta yako, kwa hiyo tanguliza `sudo apt update`. Mimi hupenda `rmadison gimp`, iliyomo ndani ya kifurushi cha devscripts: huuliza seva moja kwa moja ni matoleo gani yaliyopo.