Waifai ya ofisi ndogo Lamu: kuweka usimbaji imara kwenye faiawoli

Nyumba za mawe za Lamu zina kuta nene, nyingine karibu nusu mita ya matumbawe na chokaa, kwa hiyo wenye ofisi wengi huamini waifai yao haitoki nje. Ukuta unaizuia kweli. Dirisha na mlango haviizuii. Mtu aliyekaa barazani karibu na dirisha lako anaweza kupata mawimbi mazuri kuliko karani aliye chumba cha ndani, na kinachomzuia asiingie kwenye mafaili yenye pasipoti za wageni ni usimbaji peke yake, yaani kuyageuza mawasiliano yasisomeke bila ufunguo.

Maelezo haya yanafaa ofisi ya watu watatu hadi kumi na tano: wakala wa safari za majahazi, nyumba ya wageni, ofisi ya wakili, duka la vifaa. Majina ya menyu hutofautiana kwa kila kampuni, ila vipengele ni vilevile. Kama faiawoli yako (kifaa kinachochuja kinachoingia na kutoka kwenye mtandao) haina antena zake, utahitaji pia kisambazaji cha waifai kinachoelewa VLAN (mitandao kadhaa iliyotenganishwa ndani ya kifaa kimoja) na WPA3 (usimbaji mpya wa waifai), na kebo ya Cat6 isiyozidi mita 100.

Anza kwa waya

Unganisha laptopu na faiawoli kwa kebo. Ukibadilisha usimbaji huku umeingia kwa waifai, utajikata mwenyewe katikati ya kazi. Pakua nakala ya mipangilio iliyopo na uiweke kwenye flashi, kisha sasisha fimuwea, yaani programu ya ndani ya kifaa. Usisasishe bila UPS (betri ya akiba): umeme ukikatika wakati kifaa kinaandikwa upya, kinaweza kisiwake tena, na cha kubadilisha huenda kikatoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, halafu boti.

Badilisha nywila ya msimamizi, zima uingiaji wa msimamizi kutoka upande wa intaneti, na washa NTP, huduma ya kuchukua saa kutoka intaneti, ili saa ijirekebishe yenyewe. Faiawoli nyingi ndogo hazina betri ya saa. Umeme ukirudi zinaamka na tarehe ya zamani, na vyeti vyote vya usalama vinaonekana batili. Watu huhangaika mchana kutwa na nywila kumbe tatizo ni tarehe.

Gawa mitandao kabla ya kuisimba

Tengeneza VLAN tatu. VLAN 10 iwe ya ofisi, 192.168.10.0/24. VLAN 20 iwe ya wageni, 192.168.20.0/24. VLAN 30 iwe ya printa, kamera na mashine za malipo, 192.168.30.0/24. Epuka 192.168.1.0 na 192.168.0.0, kwa sababu ruta za watoa intaneti huzitumia mara nyingi. Anwani zikifanana pande zote mbili za faiawoli, haitajua impeleke nani wapi, na intaneti haitapita.

Kila mtandao una anwani 254. Kwa wageni, weka muda wa DHCP (huduma inayogawa anwani kwa vifaa) uwe saa mbili hadi nne. Simu za siku hizi hubadilisha anwani yake ya MAC (kitambulisho cha kifaa kwenye mtandao), na mahali penye wageni wa kuja na kuondoka, muda wa siku nzima unaweza kumaliza anwani zote, hasa ukiwa umetenga sehemu tu ya hizo 254.

Poti inayokwenda kwenye kisambazaji lazima ibebe VLAN zote tatu zikiwa na lebo. Ukisahau moja, simu itaonyesha imeunganishwa lakini haina intaneti, na ukitazama anwani yake utakuta 169.254 na kuendelea. Hiyo maana yake DHCP haikufika. Usiguse nywila, rudi kwenye poti.

Chaguo la usimbaji

Menyu itakupa majina mengi. WEP ilivunjwa mwaka 2001 na leo ni kazi ya dakika chache kwa mtu yeyote mwenye laptopu. WPA ya 2003 yenye TKIP, njia ya zamani ya kusimba, ilikuwa kiraka cha kusaidia vifaa vya zamani visitupwe. Zaidi ya udhaifu wake, TKIP huishusha waifai yako hadi Mbps 54 hata kisambazaji kikiwa kipya. WPA2 yenye AES, njia imara zaidi ambayo menyu nyingine huiita CCMP, ilitoka 2004 na bado inafaa ikiwa nywila ni ndefu na vifaa vimesasishwa. WPA3 ilitoka 2018.

Kwa VLAN 10 chagua WPA3-SAE (WPA3 ya kutumia nywila) peke yake kama laptopu na simu zote za ofisi zinaikubali. Kipengele cha PMF, yaani ulinzi wa fremu za usimamizi, kiwe cha lazima. Ndicho kinachomzuia mtu wa nje kutuma amri bandia za kuwakata watu kwenye mtandao. Kama kifaa kimoja au viwili bado ni vya WPA2, kuna hali ya mpito ya WPA2 na WPA3 pamoja, PMF ikiwa ya hiari. Itumie ukijua kasoro yake: nywila ni moja kwa pande zote mbili, kwa hiyo mshambuliaji ataivunja kupitia upande wa WPA2.

Chaguo la TKIP+AES usiliguse. Hapa ndipo ofisi nyingi huharibikiwa. Printa moja ya zamani inakataa kuungana, fundi anashusha usimbaji wa mtandao mzima ili printa ifanye kazi, anaondoka, na ofisi inabaki hivyo miaka. Printa ndiyo ihame. Kama ina tundu la kebo, iunganishe kwa waya kwenye poti ya VLAN 30. Kama haina tundu lakini inaelewa WPA2-AES, ipe jina lake la mtandao kwenye VLAN 30, masafa ya 2.4 GHz, na nywila yake tofauti. Kama inajua TKIP au WEP tu, iunganishe kwa USB na kompyuta moja na uishirikishe kutoka hapo.

Zima WPS, njia ya mkato ya kuunganisha vifaa bila kuandika nywila. PIN yake ina tarakimu nane, lakini inakaguliwa kwa vipande viwili na tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki tu, kwa hiyo majaribio yanayohitajika hayazidi 11,000. Udhaifu huo ulijulikana tangu 2011, na kwenye vifaa vingine WPS bado huja ikiwa imewashwa.

Jina na nywila

Kwenye WPA2, jina la mtandao linachanganywa na nywila kutengeneza ufunguo. Majina ya kawaida kama "Office" au "Guest" yameshatengenezewa majedwali ya funguo tayari. Weka jina la kipekee, lisizidi herufi 32 na lisitaje chumba cha fedha wala cheo cha mtu. Kulificha jina hakusaidii: simu zako zenyewe zitalitangaza zikilitafuta kila ziendapo.

Nywila inaruhusiwa herufi 8 hadi 63. Usitumie namba ya simu. Namba ya Kenya huanza na 07 au 01, zinabaki tarakimu nane, yaani uwezekano milioni 200 kwa jumla. Anayeshambulia WPA2 hahitaji kukaa nje kwako akijaribu moja moja. Ananasa salamu ya kuunganishwa kwa simu moja, anakwenda zake, na kompyuta yenye kadi nzuri ya picha hujaribu laki kadhaa kwa sekunde. Namba ya simu itadumu dakika chache. WPA3 inaziba njia hiyo ya kukisia ukiwa mbali, na ni sababu tosha ya kuihamia.

Tumia maneno matano au sita yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, yakitenganishwa kwa vistari: tanga-kijiko-mvule-saruji-pweza-ratili (usitumie hili, limeshaandikwa hapa). Epuka maneno yenye ng' kama ng'ombe au ng'ambo. Alama hiyo ikipitia ujumbe wa simu hugeuka kuwa alama iliyopinda, mtu anainakili, na mtandao unamkatalia bila kueleza kwa nini.

Ofisi ikizidi watu kumi, au wafanyakazi wakibadilika kila msimu wa watalii, acha nywila moja ya wote. Chagua WPA3-Enterprise, au WPA2-Enterprise pale ambapo vifaa havijafika huko, na utumie RADIUS, huduma inayomhakiki kila mtumiaji kwa jina lake. Faiawoli nyingi ndogo zina RADIUS ndani yake, poti ya UDP 1812. Kila mtu anapata jina na nywila yake, na akiondoka unamfuta yeye tu. Simu mpya za Android zinadai cheti cha seva, kwa hiyo ingiza cheti kwenye kila simu kabla ya siku ya kuhama, si asubuhi yenyewe watu wakisubiri kazi.

Sheria za faiawoli

Usimbaji unalinda hewani tu. Mgeni aliyepewa nywila halali yuko ndani tayari, hivyo sheria ndizo zinazomzuia. Faiawoli nyingi husoma sheria kutoka juu kwenda chini na kutii ya kwanza inayolingana, kwa hiyo mpangilio una maana kuliko idadi. Kwa VLAN 20: kwanza ruhusu DHCP na DNS (huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani) kwenda kwenye faiawoli, pili zuia kila kitu kingine kinachokwenda kwenye faiawoli yenyewe, tatu zuia 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16, mwisho ruhusu intaneti. Ukiweka ruhusa ya intaneti juu kwa "popote", sheria za kuzuia hazitasomwa kamwe. Washa pia utenganisho wa wateja, ili simu ya mgeni mmoja isiione ya mwingine.

VLAN 10 iruhusiwe kufika kwenye printa kwa poti 9100 na 631. VLAN 30 isiruhusiwe kuanzisha mawasiliano kwenda VLAN 10.

Mawimbi ndani ya nyumba ya mawe

Usipandishe nguvu ya kisambazaji hadi mwisho ili kivuke ukuta. Utakuwa unarusha barazani zaidi, na simu, yenye antena ndogo, haitaweza kujibu kutoka mbali hivyo. Visambazaji viwili vya nguvu ya kati, kimoja kila upande wa ukuta mnene, hufanya kazi vizuri zaidi. Vining'inize upande wa ndani wa chumba, mbali na madirisha ya uchochoroni. Weka nchi iwe Kenya, 2.4 GHz kwa upana wa MHz 20 kwenye chaneli 1, 6 au 11, na 5 GHz kwa MHz 40 au 80. Kilicho uani kiwe kwenye boksi la IP65 (lisiloingiza vumbi wala maji ya kurushwa) au zaidi, viungo vya kebo vikitazama chini, maana hewa ya chumvi hula shaba haraka.

Jaribu kabla ya kukabidhi

Kila simu isahau mtandao wa zamani kwanza. Wasifu uliohifadhiwa na usimbaji wa awali ndio chanzo cha "nywila sahihi lakini inakataa". Kwenye Android fungua maelezo ya mtandao usome aina ya usalama. iPhone ikitoa onyo la usalama dhaifu, TKIP imebaki mahali. Ukiwa kwenye waifai ya wageni, fungua 192.168.10.1 na 192.168.20.1 (au anwani ulizoipa faiawoli yenyewe) kwenye kivinjari: kurasa zote mbili zisifunguke. Kisha toka nje, kaa barazani, na utazame ni majina gani yanaonekana na kwa usimbaji gani.

Mfanyakazi akiondoka na mnatumia nywila ya pamoja, ibadilishe siku hiyohiyo. Kama ofisi inatunza pasipoti na vitambulisho, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu utambue kwamba data imevuja na wenyewe wanaweza kudhurika. Hivyo washa kumbukumbu za faiawoli na uzitume kwenye kompyuta nyingine, kwa sababu nyingi hufutika kifaa kikizimika.