Kupima Nguvu ya Promota kwa Aptama ya Broccoli

Anayetaka kujua promota aliyoisanifu, yaani kipande cha DNA kinachoanzisha unakili wa jeni kuwa RNA, inanakilisha jeni kwa kasi gani, mara nyingi huiunganisha na jeni ya protini ya kijani inayong'aa, kisha husubiri mwanga. Lakini mwanga huo huja baada ya RNA kutafsiriwa na protini kukomaa, hivyo kinachopimwa ni kazi ya promota na ya ribosomu, mitambo ya seli inayotengeneza protini, kwa pamoja. Aptama inayong'aa huondoa mchanganyiko huo, kwa kuwa ni kipande kifupi cha RNA ambacho kikijikunja hushika molekuli ndogo ya rangi, na rangi hiyo, ambayo ikiwa huru karibu haing'ai kabisa, huwaka. Maabara ya Samie Jaffrey huko New York ilitangaza Spinach mwaka 2011 na Broccoli, yenye nyukleotidi 49 tu, mwaka 2014. Majina ni ya mboga kwa sababu mwanga wake ni wa kijani.

Mwongozo huu unahusu kulinganisha aina kadhaa za promota ya T7, inayotambuliwa na kimeng'enya cha unakili cha virusi T7 vya bakteria, ndani ya mrija, bila seli. Andaa violezo vya DNA vinavyofanana kwa kila kitu isipokuwa promota, kila kimoja kikianza kunakiliwa kwa guanini (herufi G ya RNA) mbili na kubeba Broccoli karibu na mwisho wake. Usiiache aptama uchi; iweke ndani ya F30, kiunzi cha RNA ambacho huilinda isijikunje vibaya pamoja na mfuatano wa jirani.

Ongeza DFHBI-1T, rangi inayoshikwa na Broccoli, ifikie mikromola 10, kisha angalia potasiamu, jambo ambalo wengi hulisahau. Moyo wa Broccoli ni guanini zilizopangwa nne nne kwa tabaka, na tabaka hizo hushikiliwa na ioni za potasiamu, ilhali bafa (miyeyusho inayodhibiti pH) nyingi za kimeng'enya cha T7 hazina potasiamu ya kutosha. Iongeze kwa kiasi, maana chumvi ikizidi hupunguza kasi ya kimeng'enya chenyewe.

Soma mwanga kwa nyuzi 37 za Selsiasi, ukichochea kwa mwanga wa takriban nanomita 470 na kupokea kwa takriban 507, mara moja kila dakika moja au mbili. Usimulike mfululizo: mwanga hubadilisha umbo la rangi na kuitoa ndani ya aptama, nayo aptama huhitaji muda mfupi ili ishike nyingine. Linganisha promota kwa mwinuko wa mwanzo wa mchoro. RNA ikikaribia mikromola 10 rangi huisha, na mstari hulala hata kama unakili unaendelea.

Sampuli za kulinganishia ni tatu: isiyo na kiolezo, yenye RNA isiyo na aptama, na RNA safi ya Broccoli ya viwango vinavyojulikana. Ukishuku kwamba mwanga unatoka kwingine, pima RNA hiyo safi katika bafa ya lithiamu badala ya potasiamu. Mwanga wa kweli wa Broccoli utashuka sana.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, hakuna kipimo kinachozidi jeli, kwa sababu mashine ya kusomea mwanga huona RNA iliyojikunja sawasawa tu. Tenganisha sampuli kwenye jeli ya akrilamaidi yenye urea, ioshe kwa maji mara tatu ili urea itoke, kisha ilowe kwenye DFHBI-1T ya mikromola 10 pamoja na bafa ya HEPES ya milimola 40 yenye pH 7.4, kloridi ya potasiamu ya milimola 100 na kloridi ya magnesiamu ya milimola 1. Piga picha, ioshe tena, kisha itie rangi ya SYBR Gold, inayoonyesha RNA yote. Mstari wa RNA yenye urefu kamili unaoonekana kwenye picha ya pili na kukosekana kwenye ya kwanza ni wa RNA iliyonakiliwa bila aptama kujikunja. Hapo promota haina kosa, na kinachopaswa kurekebishwa ni mfuatano unaoizunguka aptama.