Sili za katapila la zamani: namna ya kuzibadilisha, na mahali gundi inapofaa

Mwongozo huu unahusu kuvuja kwa oili kwenye sanduku la gia za mwisho, yaani lile lililo nyuma ya sproketi inayozungusha cheni, katika makatapila ya zamani kama Caterpillar D4 na D6, ambayo hadi leo yanasafisha mashamba, yanachimba malambo na kulima barabara za vijijini. Sili, yaani pete zinazozuia oili kuvuja, bado zinapatikana zile halisi, lakini si zote na si kila wakati, na kwa sababu hiyo fundi analazimika kujua ni sili ipi inayoweza kuungwa kwa gundi na ni ipi ambayo gundi itaiua. Msimamo wangu ni mmoja: gundi ni ya vitu viwili vilivyotulia. Ikiwa upande mmoja unazunguka, au unategemea msuguano ili ufanye kazi yake, gundi isifike hapo.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni sili inayovuja

Osha sanduku lote kwa dizeli na brashi, likaushe, kisha endesha katapila kwa muda mfupi na uangalie oili inaanzia wapi. Oili inayotoka kati ya sproketi na sanduku inaelekeza kwenye sili ya nje, ilhali inayotoka kwenye mfuniko ni suala la gasketi tu. Katika makatapila yenye klachi kavu za usukani, sili ya ndani ikichoka oili haionekani nje hata kidogo. Inahamia kwenye chumba cha klachi, na dalili yake ni katapila kukataa kukata kona upande mmoja au klachi kuteleza linapobeba mzigo. Fungua bolti ya kumwagia oili chini ya chumba hicho, nawe utapata jibu.

Kabla ya kulaumu sili yoyote, tafuta kipumulio cha sanduku, yaani tundu dogo la kupitishia hewa, na ukisafishe. Kikizibwa na matope, joto la kazi hupandisha shinikizo ndani, na shinikizo hilo hutafuta njia kupitia sili iliyo nzima kabisa. Zipo sili nyingi zilizobadilishwa mara mbili kwa sababu ya tundu ambalo lingefunguliwa kwa waya.

Hatua ya 2: Legeza cheni na uondoe sproketi kwa usalama

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka. Kirekebisha cheni cha grisi kina shinikizo kubwa mno. Fungua vali yake mzunguko mmoja tu, ukiwa umesimama pembeni na wala si mbele yake, na uache grisi itoke taratibu. Usiitoe vali yote, na usiweke uso karibu ili kuona kama grisi inatoka. Springi kubwa iliyo nyuma ya gurudumu la mbele nayo imebanwa kwa nguvu. Kazi hii haihitaji kuigusa.

Egesha katapila mahali tambarare, weka magogo au stendi za chuma chini ya fremu, kisha ondoa pini kuu inayounganisha cheni na uilaze cheni chini. Sproketi imebanwa kwenye shafti kwa nguvu ya tani nyingi, na inahitaji kivutio cha haidroliki, yaani kifaa cha kuivuta kwa shinikizo la oili. Kuna desturi ya kuichoma kwa gesi na kuipiga nyundo nzito. Moto huo unaondoa ugumu wa chuma na kuunguza mpira wa sili, na pigo la nyundo linaacha alama kwenye beringi. Kukodi kivutio kwa siku moja ni nafuu kuliko shafti.

Hatua ya 3: Safisha, kisha kagua kilichoiua sili ya zamani

Beringi iliyolegea itaimaliza sili mpya upesi, kwa hiyo tikisa shafti kwa nondo na upime mchezo wake, yaani kiasi inachocheza, kabla ya kununua chochote. Angalia pia mahali kwenye shafti ambapo mdomo wa sili, yaani ukingo wake wa ndani wa mpira, ulikuwa ukisugua. Ukipitisha ukucha juu yake na ukucha ukanasa kwenye mfereji, sili mpya haitashika hapo. Unaweza kuvalisha bushi nyembamba ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au, ikiwa nafasi inaruhusu, uisogeze sili ndani au nje kwa milimita mbili au tatu ili mdomo wake ukae kwenye chuma kizima.

Kwa usafishaji wa mwisho, tumia asetoni kwenye chuma na spiriti kwenye mpira. Petroli inaacha utando wa mafuta ambao gundi haishiki juu yake, na asetoni ikikaa kwenye mpira wa nitraili, ule wa sili unaostahimili oili, inauvimbisha.

Hatua ya 4: Sili za mdomo

Hizi ni rahisi. Upande wenye springi ndogo ya duara huelekea kwenye oili. Paka grisi kidogo mdomoni ili usianze kazi ukiwa mkavu. Ikiwa ganda la nje ni la chuma tupu na nyumba yake, yaani tundu la chuma sili inamokaa, ina mikwaruzo, paka ganda hilo utando mwembamba wa gundi ya gasketi. Hapo gundi ni halali, kwa kuwa ganda na nyumba vyote vimetulia. Iingize kwa kipande cha bomba kinachogusa ukingo wote kwa pamoja, wala usiipige upande mmoja baada ya mwingine kwa tindo.

Hatua ya 5: Kutengeneza oringi kwa kuunga kamba ya mpira

Oringi kubwa za mifuniko, yaani pete za mpira zinazokaa kwenye mfereji na kubanwa na mfuniko, ndizo zinazokosekana madukani mara nyingi, na ndizo ambazo gundi inazisaidia kweli. Nunua kamba ya duara ya mpira wa nitraili yenye ugumu wa 70 kwa kipimo cha Shore A. Kamba ya mpira wa kawaida inafanana nayo kwa macho lakini huvimba na kulainika kwenye oili. Kama una shaka, loweka kipande kifupi katika oili ya moto usiku kucha, kisha upime unene wake asubuhi, kilichonenepa hakifai.

Urefu wa kukata hupatikana kwa kujumlisha kipenyo cha ndani cha oringi na unene wa kamba, kisha kuzidisha kwa 3.1416. Kwa mfano, oringi yenye kipenyo cha ndani cha milimita 300 na unene wa milimita 6 inahitaji 306 × 3.1416, yaani takribani milimita 961. Usipime kwa kuzungusha kamba kwenye mfereji na kukata kwa kukisia, kwa sababu kamba inavutika mkononi na oringi itatoka fupi. Unene nao una hesabu yake: kamba isimame juu ya mfereji kwa takribani robo ya unene wake, ili mfuniko ukikazwa ipate kubanwa bila kukatwa.

Kata ncha zote mbili kwa wembe mpya, kwa pigo moja, katika pembe ya nyuzi 45. Ukikata kwa kusugua kama msumeno, uso unatoka na mawimbi na gundi itashika vilele tu. Tengeneza kiongozi kwa kipande cha mbao ngumu chenye mfereji wa kulaza kamba na mkato wa pembe hiyo. Ncha zote mbili zikikatwa humo bila kamba kuzungushwa, zitakutana sawasawa. Futa ncha kwa spiriti, ziache zikauke, na baada ya hapo usiziguse kwa kidole.

Gundi inayofaa ni ile ya kushika papo hapo, inayoitwa supaglu. Weka tone dogo upande mmoja tu, kutanisha ncha ndani ya mfereji wa kiongozi, bana kwa nusu dakika, kisha acha oringi ipumzike kwa saa kadhaa kabla ya kuivuta. Gundi nyingi haiongezi nguvu. Inaacha ukingo mgumu kama plastiki ambao utakata mpira wa jirani au kuvunjika wenyewe. Ukingo ukijitokeza, uondoe kwa msasa laini. Kisha kunja kiungo kwa vidole viwili, kwanza kuelekea ndani na baadaye nje: kikifunguka hata kwa unywele, kata na uanze upya.

Kiungo cha supaglu hakipendi joto linalozidi takribani nyuzi 80 za Selsiasi, wala hakifai mahali panapozunguka. Kiweke juu ya usawa wa oili inapowezekana. Mahali penye joto zaidi, tafuta oringi nzima.

Hatua ya 6: Gasketi za mifuniko

Gasketi ya koki, ile ya gamba la mti kama la vizibo vya chupa, ibandikwe kwa gundi upande wa mfuniko pekee, na upande wa sanduku upakwe grisi, ili siku nyingine mfuniko ufunguke bila kuirarua. Ukitumia silikoni badala yake, mstari wa milimita mbili au tatu unatosha, na uzunguke upande wa ndani wa matundu ya bolti. Ile inayofinywa kuingia ndani haipotei. Inakatika vipande na kwenda kuziba chujio.

Hatua ya 7: Sili ya nyuso za chuma

Makatapila mengi ya Caterpillar ya kuanzia miaka ya 1960 yana sili inayoitwa Duo-Cone karibu na sproketi: pete mbili za chuma zilizosuguliwa hadi kung'aa, zikikutana uso kwa uso, kila moja ikiwa imekaa juu ya pete nene ya mpira. Pete moja inazunguka na sproketi, nyingine imetulia na sanduku. Kinachoizungusha ile ya kwanza ni msuguano wa mpira peke yake. Ndiyo maana mpira huo, na mteremko unaoukalia, lazima viwe vikavu kabisa: bila oili, bila grisi, bila gundi. Ukivipaka grisi ili viingie kirahisi, mpira utateleza, pete ya chuma itasimama, na mpira utasagika. Ukivibandika kwa gundi, mpira hautajiviringisha kufuata mtikisiko wa shafti na nyuso zitaachana.

Kabla ya kurudisha pete zilizotumika, igeuze kila moja kuelekea mwanga wa dirisha. Utaona mkanda mwembamba unaong'aa kuliko sehemu nyingine. Hapo ndipo nyuso zinapogusana. Katika pete mpya mkanda huo uko karibu na ukingo wa nje, na jinsi zinavyolika unahamia ndani. Ukikaribia ukingo wa ndani, au ukikatizwa na mkwaruzo, tupa jozi nzima. Pete zilizofanya kazi pamoja zisitenganishwe kamwe. Udongo wa nchi hii hauna huruma: mpango wa Waingereza wa kulima karanga huko Kongwa, Tanzania, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, uliona mchanga wake mkali ukisaga majembe ya trekta, na chembe za namna hiyo zikipata nafasi kati ya nyuso hizi hazitachelewa kuzimaliza.

Valisha mpira kwenye pete bila kuupinda, ulowanishe kwa spiriti, kisha sukuma pete na mpira kwenye makao yake kwa kipande cha bomba kinachobana mduara wote. Acha spiriti ikauke. Pima kimo cha pete kutoka ukingo wa nyumba katika sehemu nne. Tofauti isizidi milimita 1. Ikizidi, sahihisha kwa kusukuma mpira, si chuma. Mwisho kabisa, futa nyuso za chuma kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, zipake utando wa oili safi bila kugusa mpira, na uzikutanishe zikiwa katikati.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kazi

Kabla ya kutia oili, ingiza hewa kupitia tundu la kujazia, isiyozidi psi 5, na upake povu la sabuni kwenye maungio yote huku sproketi ikizungushwa kwa mkono. Kisha jaza oili hadi alama ya kiwango, funga cheni, na uendeshe katapila bila mzigo kwa nusu saa, ukienda mbele na nyuma. Unyevu mdogo karibu na sili ya nyuso za chuma siku ya kwanza ni oili uliyoipaka mwenyewe. Uufute, na ukague tena jioni baada ya kazi, oili ikiwa bado ya moto.