Kuamsha kompyuta ya nyumbani ukiwa mbali

Kompyuta imelala nyumbani, wewe uko safarini na unahitaji faili. Unaweza kuiamsha kwa ujumbe unaotumwa kwenye mtandao (Wake-on-LAN), lakini usihangaike kufungua poti, yaani mlango wa kupitisha ujumbe kutoka nje, kwenye ruta. Ujumbe wa kuamsha ni mfupi, baiti 102 tu: sita zenye thamani FF, kisha anwani ya MAC ya kompyuta (namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao) ikirudiwa mara 16. Shida ni kwamba kompyuta ikishalala, baada ya muda ruta husahau iko wapi, na ujumbe unaotoka nje hupotea. Tena kwa intaneti ya laini ya simu, mara nyingi huna hata anwani ya IP inayofikika kutoka nje.

Afadhali uwe na kifaa kidogo kisichozimwa, kama Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja), kwenye mtandao huohuo wa nyumbani. Weka Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa mtandao binafsi, humo na kwenye simu yako. Ukiwa popote, ingia kwenye kifaa hicho kwa SSH (njia ya kukiendesha kwa amri kutoka mbali), andika amri ya wakeonlan na anwani ya MAC ya kompyuta. Ujumbe unatoka ndani ya nyumba, na hapo ndipo unapofanya kazi vizuri.

Kwenye kompyuta, washa Wake-on-LAN katika BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapoanza kuwaka) na katika mipangilio ya kadi ya mtandao. Tumia waya, Wi-Fi haiaminiki kwa hili. Jambo ambalo wengi hulisahau ni umeme: ukikatika na kurudi, kompyuta nyingi hazisikii tena ujumbe huo. Tafuta kwenye BIOS chaguo la kujiwasha umeme unaporudi, uliwashe kabla hujasafiri.